Waya wa Umeme Usizibe Masikio ya Redio

Tunaandika haya kutoka Gare, katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Huku bonde moja halijui la bonde la pili ila kwa mguu au kwa redio. Mawimbi ya FM huenda kama mwanga wa tochi. Yakikutana na mlima hukoma. Kwa sababu hiyo wakulima wa huku, sawasawa na wavuvi wa Kojani na wa Mafia wanapokuwa mbali na minara, kwa muda mrefu wamekuwa watu wa masafa mafupi, yaani yale mawimbi yapandayo hadi tabaka la juu la anga, yakagonga huko na kurejea ardhini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikoanzia. Redio ndogo ya betri, waya wa mita chache uliotundikwa mtini, na habari za dunia huingia chumbani.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo, kwa mtazamo wa haraka, halimhusu mkulima wala mvuvi. Ni ugomvi uliozuka katika nchi za mbali baina ya waendeshaji wa redio ya ridhaa na makampuni yaliyotaka kupitisha intaneti ya kasi ndani ya nyaya za umeme. Wako watakaosema kwamba huo ni ugomvi wa matajiri wenye kuchezea mitambo na matajiri wenye kuuza intaneti, nasi tuna shida zetu za pembejeo na barabara. Hatukubaliani na rai hiyo. Nguzo za umeme zinaendelea kupandishwa katika vijiji vyetu tangu ilipopitishwa Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005, na kila nguzo inayosimamishwa ni furaha yetu. Lakini anayekaribisha waya nyumbani kwake ana haki ya kuuliza waya huo utabeba nini.

Kwanza tuwajue hao wenye malalamiko. Mwendeshaji wa redio ya ridhaa ni mtu aliyefanya mtihani, akapewa leseni na alama yake ya kuitwa, akaruhusiwa kurusha mawimbi kwa chombo chake mwenyewe bila ya kufanya biashara. Anazungumza na wenzake duniani kwa sauti, kwa mdundo wa Morse, na siku hizi kwa kompyuta. Zama za ukoloni alama za Unguja zilianza kwa VQ1 na za Tanganyika kwa VQ3. Baada ya Uhuru na Muungano alama za nchi yetu zikawa 5H, na Zanzibar ikatambulikana kwa 5H1. Katika daftari lao la visiwa vya dunia Unguja imeandikwa AF-032, na wapo watu wa Japani na wa Ujerumani ambao hawajui karafuu inavyonukia lakini wanaijua namba hiyo kwa moyo, wakakesha usiku kucha wakiitafuta sauti dhaifu inayotoka huko. Hapa nyumbani waendeshaji hao ni wachache mno, na wengi wanaosikika kutoka visiwani ni wageni waliokuja kwa likizo na antena zao mizigoni. Hilo ni upungufu wetu, na si hoja ya kuwadharau.

Sasa tuje kwenye kiini. Mashirika ya umeme duniani yamekuwa yakipitisha mawasiliano yao wenyewe katika nyaya za msongo mkubwa tangu karne iliyopita. Huo si ugeni wala hauna madhara makubwa, kwa kuwa hutumia masafa ya chini, ya makumi hadi mamia ya kilohezi, na habari inayobebwa ni ndogo. Mambo yalibadilika walipotaka kubeba intaneti ya kasi. Kasi inahitaji nafasi pana, na nafasi pana ikapatikana baina ya megahezi 2 na megahezi 30 na kupita hapo. Hapo ndipo yanapoishi masafa mafupi yote: matangazo ya redio ya kimataifa, meli, ndege zinazovuka bahari, simu za upepo za polisi na za hifadhi, pamoja na hao waendeshaji wa ridhaa.

Waya wa simu husokotwa mmoja juu ya mwingine ili mawimbi ya huu yafute ya ule, yasitoroke. Waya wa umeme haukusokotwa wala haukuvishwa ala. Umenyooshwa wazi juu ya nguzo, mmoja hapa na mwingine kule, kwa maana kazi aliyopewa ni kubeba mkondo unaogeuka mara 50 kwa sekunde, ambao hautoroki kwenda popote. Ukiupitishia mawimbi ya megahezi 7, ambayo urefu wake ni kama mita 43, basi nyaya baina ya nguzo na nguzo zinakuwa antena kamili, pasipo mtu kukusudia. Mtaa mzima unageuka kuwa kituo cha kurushia kelele. Na kwa kuwa redio ya masafa mafupi imetengenezwa ipate kusikia kitu hafifu kilichotoka bara jingine, kelele hiyo iliyo umbali wa mita kumi huifunika kama ngoma inavyofunika mnong'ono.

Waingereza walilionja hilo mapema. Mwaka 1997 shirika la umeme la Norweb pamoja na kampuni ya Nortel walitangaza kwa vishindo kwamba wamepata njia ya kuleta intaneti kwa waya wa umeme, wakafanya majaribio katika eneo la Manchester. Ikadhihirika kwamba hata nguzo za taa za barabarani zilikuwa zikirusha mawimbi hayo hewani. Mwaka 1999 mradi ukafungwa.

Marekani ndiko ugomvi ulikofika mahakamani, na kisa chake kina mafunzo kwa kila mtumishi wa serikali, awe wa Dodoma au wa Vuga. Oktoba 2004 tume inayosimamia mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilipitisha kanuni za kuruhusu intaneti kwa waya wa umeme. Chama cha waendeshaji wa ridhaa, ARRL, kilichoanzishwa mwaka 1914, kikapinga. Hakikudai kwamba teknolojia yenyewe ipigwe marufuku. Hoja yake kubwa ilihusu vipimo. Tume ilikuwa imeweka kiwango cha mwisho cha mawimbi yanayoruhusiwa kutoroka, kikihesabiwa kwa umbali wa mita 30 kutoka kwenye waya. Lakini mara nyingi fundi hupima karibu zaidi, kisha hukadiria kwa hesabu yatakavyokuwa yamepungua yakifika mita 30. Tume ilishikilia kwamba kila umbali ukizidi mara kumi nguvu ya wimbi hushuka kwa desibeli 40, yaani inabaki sehemu moja kati ya 10,000. Waendeshaji walisema kwamba katika masafa hayo ushukaji ulio karibu na ukweli ni wa desibeli 20, yaani sehemu moja kati ya 100. Msomaji asichoshwe na hesabu hizi, kwani ndani yake ndimo mlimofichwa jambo lote: kwa hesabu ya kwanza mtambo unahukumiwa kuwa msafi, na kwa hesabu ya pili mtambo ule ule unahukumiwa kuwa mchafu.

Lilipokuwa likitetea uamuzi huo, jopo la wataalamu wa tume lilitegemea taarifa za uchunguzi lililoufanya lenyewe. Waendeshaji walipoomba kuziona, walipewa zikiwa na sehemu zilizofutwa. Tarehe 25 Aprili 2008 Mahakama ya Rufaa ya Washington iliamua kwamba serikali haiwezi kujenga kanuni juu ya uchunguzi kisha ikauficha upande usioipendeza. Ikaamuru taarifa zitolewe zikiwa kamili, na tume ieleze kwa nini ilichagua hesabu ile ikaacha nyingine. Kwa upande wa pili, mahakama hiyo haikuyakubali madai yote ya waendeshaji, wala kanuni hazikufutwa. Baadaye, mwaka 2011, tume ilishikilia sehemu kubwa ya msimamo wake. Hata hivyo karatasi zilikuwa zimeshatoka nje.

Tusidanganyane kuhusu mwisho wa biashara yenyewe. Mji mdogo wa Manassas, katika jimbo la Virginia, ndio uliosifiwa kuwa mji wa kwanza Marekani kuwapa wakazi wake wote intaneti kwa waya wa umeme. Malalamiko ya redio yaliuandama tangu mwanzo, lakini kilichouangusha zaidi ni mfuko. Wateja walikuwa wachache, nyuzi za kioo na kebo za televisheni zikawa na kasi zaidi, na mwaka 2010 baraza la mji likaamua kuufunga. Wenye mitambo walikuwa wameahidi kwamba huduma hiyo ingewafikia watu wa mashamba ambao hakuna kampuni iliyowajali. Shamba halikufikiwa. Tunalisema hili kwa sababu ahadi ya namna hiyo inavutia sana masikio ya viongozi wa nchi zenye vijiji vingi.

Na nchini petu wazo hilo halikupita bila ya kuguswa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Justinian Anatory, Mussa Kissaka na Nerey Mvungi, walilichunguza kwa miaka kadhaa. Mwaka 2004 waliandika kwamba mtandao wa umeme waweza kuwa njia nyingine ya kuwafikishia watu mawasiliano katika nchi zinazoendelea, na baadaye, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, wakapima jinsi urefu wa waya, matawi yake na mizigo iliyounganishwa mwishoni inavyoharibu mawasiliano yanayopitishwa humo. Hii ni kazi ya heshima, na tunapenda wananchi waijue, kwani mara nyingi tunangoja wageni watueleze nyaya zetu wenyewe. Kuna sababu nzuri ya wazo hilo kuvutia zaidi huku kwetu kuliko Marekani. Kule transfoma moja huhudumia nyumba chache tu, na mawimbi ya kasi hayapiti vizuri ndani ya transfoma, hivyo kila chache hizo zinahitaji chombo cha kuyavusha. Kwetu transfoma moja hubeba mtaa au kitongoji kizima. Lakini utafiti wao huo huo unaonyesha ugumu uliopo: waya wa kwetu una matawi mengi, kila tawi linameza sehemu ya mawimbi, na anayetaka yafike mbali hushawishika kuongeza nguvu. Akiongeza nguvu, kinachotoroka nacho kinaongezeka.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Waendeshaji wa ridhaa wa Marekani waliweza kuishitaki serikali yao kwa sababu walikuwa na chama cha karibu miaka mia, walikuwa na mafundi wenye vipimo na walikuwa na mawakili. Makampuni, yalipobanwa, yalikubali kuyaziba yale masafa yao, kwa mfano baina ya megahezi 7.0 na 7.3, mawimbi ya intaneti yasipite hapo. Ulaya iliweka kiwango cha vyombo vya majumbani mwaka 2013 kwa mtindo huo: masafa ya waendeshaji yakatengwa moja kwa moja, na yale ya matangazo yakalindwa pale tu chombo chenyewe kitakapotambua kwamba kuna kituo kinachosikika. Hatuwaonei wivu waendeshaji kwa walichokipata. Ila tunauliza: mzee wa Gare anayefungulia redio yake alfajiri, na mvuvi anayesubiri taarifa ya upepo, chama chao ni kipi? Nani atawapimia? Msikilizaji hana leseni, hana alama ya kuitwa, wala jina lake halimo katika daftari la mtu. Redio ikikoroma hudhani ni betri, au ni hali ya hewa, akaizima. Hakuna malalamiko, na pasipo malalamiko mtambo unaandikwa kuwa hauna madhara. Mtu huyo chama chake ni serikali yake, na hakuna kingine.

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kukumbushwa maana ya kutegemea waya mmoja. Tangu 1980 Unguja imepata umeme kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Mei 2008 umeme ukakatika, na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu. Pemba nayo, tangu 2010, inaletewa umeme kwa kebo ya kilovolti 33 kutoka mkoa huu huu wa Tanga tunaoandikia, kwa hiyo taa za Wete na za Lushoto zina undugu. Na Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilidhoofika siku ile ile. Mnara wa simu usio na umeme unaishi kwa betri, kisha kwa jenereta, na jenereta linaishi kwa dizeli ambayo lazima iletwe na chombo.

Desemba 2004 kikundi cha waendeshaji wa ridhaa wa India kikiongozwa na Bi Bharathi Prasad kilikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bara. Walikwenda kwa burudani yao, kuwapa watu wa dunia nafasi ya kuongea na kisiwa adimu. Tarehe 26 ikaja tsunami, ile ile iliyofika hadi fukwe za Dar es Salaam na kuua watu. Simu za Andaman zikanyamaza. Wale waliokuwa wakicheza wakaacha mchezo, wakageuza mitambo yao kuwa njia ya kupeleka bara habari za walio hai na mahitaji ya waliojeruhiwa. Kilichowawezesha ni redio, betri, waya juu ya paa, na hewa iliyokuwa tulivu kiasi cha kusikika. Kisiwa kinachoacha hewa yake ichafuliwe siku za amani hakitaweza kuisafisha siku ya msiba.

Basi sheria zetu zinasemaje? Tanzania ni mwanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano wenye makao yake Geneva, na Kanuni za Redio za umoja huo, katika kifungu 15.12, zinazitaka serikali zichukue kila hatua iwezekanayo kuhakikisha kwamba mitambo ya umeme ya aina yoyote, na nyaya za kusambazia umeme zimetajwa waziwazi, haileti mwingiliano wenye madhara kwa huduma za redio. Kwa hiyo hatuombi fadhila. Ugumu uko katika mgawanyo wa ofisi. Masafa ya redio yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa sheria za 2003 na 2010, na mawasiliano ni jambo la Muungano. Umeme si wa Muungano: Bara waya ni wa TANESCO chini ya jicho la EWURA, na Zanzibar waya ni wa ZECO chini ya ZURA. Mwenye waya haoni hewa, na mwenye hewa hapandi nguzo. Chombo kinachotumia waya wa huyu kuchafulia hewa ya yule kinaweza kukaa katikati ya ofisi mbili miaka mingi, kila moja ikisubiri barua ya nyingine. Wenye uzoefu wa utumishi wanajua tunachokisema.

Wala tusingoje intaneti ya waya wa umeme ije rasmi ndipo tufungue macho. Vyombo vidogo vinavyochomekwa ukutani ili kupitisha intaneti kutoka chumba hadi chumba kwa waya wa nyumba vinauzwa madukani. Taa za bei nafuu, chaja za simu na vigeuza-umeme vya mitambo ya jua visivyo na vichujio vinatoa mkoromo ule ule. Nguzo zenyewe, kikombe cha kauri kikipasuka au muungo ukilegea, hutema cheche ndogo ambazo jicho halizioni lakini redio inazisikia kitongoji kizima, na cheche hizo ni dalili ya hitilafu ambayo shirika la umeme lenyewe lingependa kuijua kabla waya haujaanguka. Shirika la Viwango, TBS, lina kazi yake katika hili, na bandari zetu pia.

Wala hatusemi nguzo isibebe mawasiliano. Sehemu ya Mkongo wa Taifa hupita juu ya minara ya umeme ya TANESCO, lakini hupita kama mwanga ndani ya uzi wa kioo, na mwanga huo haumsumbui mtu. Yeyote atakayekuja na pendekezo la kupitisha intaneti katika shaba tupu aulizwe kwanza kwa nini asitumie uzi huo juu ya nguzo hiyo hiyo. Akiwa na jibu la haki, apimwe kabla ya kuunganisha mtaa wa kwanza, apimwe na mtu asiye mwajiriwa wake, na karatasi za vipimo zibandikwe wazi zikiwa na kurasa zake zote.

Tunaomba pia jambo moja dogo lisilohitaji bajeti kubwa. Katika kila ofisi ya kata huku bara na kila ofisi ya sheha visiwani liwekwe tangazo la kumwambia mwananchi apeleke wapi lalamiko la redio iliyozibwa, na aandike nini: saa ilipoanza kelele, masafa gani, inakoma au haikomi umeme unapokatika, na inazidi nguvu akisogea karibu na nguzo ipi. TCRA na mwenye waya wakubaliane nani atapanda kwenda kusikiliza, na kwa siku ngapi. Gare ni mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini, na Kojani ni kivuko tu kutoka Pemba.